Reli ya bwawani na muhogo wa mama Rehema

Jumanne. Jua lipo lakini halichomi. Baridi imeanza kuingia Joburg. Nimechoka, ila roho imetulia.

Leo tumeng'oa ile reli fupi ya bwawani.

Inatoka njia kubwa, inapita nyuma ya kiwanda, inaishia bwawani, pale mfereji unapomwaga maji. Maji yalikuwa ya kupozea mitambo. Treni ilileta makaa ya mitambo hiyohiyo. Basi. Ndiyo kazi yake yote.

Nilipokuja toka Kigoma, makaa yalikuwa bado yanaingia. Mimi nilipakua kwa chepe. Mke wangu, mama Rehema, aliuza chai na maandazi pale reli inapoishia. Dereva wa treni alikuwa anashuka na kikombe chake mwenyewe. Halafu malori yakachukua mzigo. Halafu kiwanda kikafungwa. Majani yakaota, reli ikapotea.

Mama Rehema hakuondoka. Akapanda muhogo kati ya reli na ukuta, maana ukuta ule unashika jua, baridi haiuui. Kisamvu tulikula. Tangu afariki nachuma mimi.

Leo nilitaka nifike pale kabla ya mashine.

Thabo, msimamizi wetu, akanitangulia. Kaona majani yale ya vidole vidole, kasimamisha kazi.

"Madala," ndivyo wanavyoniita, mzee, "unalima bangi kwenye reli?"

Vijana walicheka mpaka wakakaa chini. Kabeya, Mkongo wa Kalemie, akasema, "Bosi, ile ni sombe. Ni chakula ya watu."

Thabo hakuamini. Anaogopa kupoteza kazi, simlaumu. Akasema mashine ipite juu.

Nikachukua mtaimbo, nikang'oa shina moja. Muhogo ukatoka mwembamba, kokoto zimeubana. Thabo akaugeuza, akaunusa.

"Eish. Haya kata, madala. Haraka."

Nimekata vijiti vyote vya mbegu. Mashine ikapita. Mchana reli yote ilikuwa juu ya lori, vyuma chakavu tu.

Nyumbani nikavifunga kwenye gunia, vikae ndani mpaka mvua za Oktoba. Binti yetu Rehema kazaliwa hapa. Kiswahili anasikia, anajibu Kizulu. Leo akachuchumaa pembeni yangu, akashika kijiti kimoja.

"Baba, si jicho linaangalia juu?"

Kwa Kiswahili.

Mimi sijawahi kumfundisha kupanda muhogo.

Nikamwambia ndiyo, juu. Akavigeuza viwili nilivyofunga vibaya.

Sasa vitavuka baridi hii? Na ukuta wa kushika jua tutaupata wapi?