Roselyne Hakuigusa Injini

Mama Roselyne,

Usipikie maji ya pipa, yameingia oili nikijaribu injini ya boti humo. Tumia ya tangi.

Asubuhi injini ilipokataa kuwaka, Roselyne aliniambia, “Baba, mimi sijaigusa,” nami nikamwita mwongo mbele yako. Akaenda shule bila chai. Nilipobaki peke yangu nilibadilisha plagi, nikasafisha kabureta, na bado haikuwaka. Halafu nikapata mfukoni mwangu kile kipande chekundu kinachobanwa kwenye swichi ndipo injini iwake. Nilikichomoa mwenyewe jana, nikasahau. Nilipokirudisha, nilivuta kamba mara moja tu ikanguruma. Sikufurahi hata kidogo.

~~Akirudi mwambie nimekosea.~~ Hapana, usimwambie. Naenda kumngoja kwenye geti la shule, nimwambie mwenyewe mbele ya wenzake.

Baba Roselyne