Swichi ya Bluu kwenye Sifuri

Jumatatu, Tunduma. Upepo tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la sukari. Mkono unauma, moyo hauumi. Naandika haya kwa vidole vyote kumi, polepole, ingawa viwili vinanung'unika.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mchapaji katika ofisi ya wakala wa forodha hapa mpakani. Lori likifika na mzigo wa kwenda Zambia au Kongo, makaratasi yake yanapita kwangu. Nani katuma, nani anapokea, mzigo gani, kilo ngapi. Mwezi uliopita upepo huu huu ulilibamiza geti la chuma la ofisi na vidole vyangu viwili vikiwa katikati, cha pete na kidogo, mkono wa kulia. Bandeji imeshatoka. Vidole vipo, namshukuru Mungu, ila nguvu haijarudi, na ncha ya kile kidogo ina ganzi mpaka sasa.

Bosi Sudi hakunifukuza. Alimtoa Rehema mapokezi akamweka kwenye kiti changu. Rehema ni binti mwepesi, mwenye adabu, sina neno naye. Mimi akaniambia nikipona niende yadi, nizunguke na mafaili kuwatafuta madereva. "Kuchapa tuwaachie wenye vidole, Tumaini. Wewe pumzika." Aliyasema kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonichoma.

Nikakataa. Nikaomba nijaribiwe, faili zima, mbele yake. Akakuna kidevu, akasema haya, Jumatatu. Nikishindwa, yadi, na maneno yaishe.

Yadi ni kazi ya halali. Lakini si yangu.

Sasa niwaambie tatizo lilipo. Kibodi ya ofisini ni zile za kawaida, zenye mpira chini, na mpira wenyewe umechoka. Kitufe hakikubali mpaka ukikandamize hadi chini kabisa. Zamani sikujali, nilikuwa nagonga tu. Baada ya geti ndipo nilipojua vidole vile viwili vilikuwa vinabeba nini: O, L, nukta, P, tisa na sifuri. Jamani, hata neno "lori" linaanza na herufi mbili za kidole kigonjwa! Nilijaribu kuandika jina langu la ukoo tu, nikaishia kulia chooni.

Wiki iliyopita nikavuka ng'ambo, Nakonde, upande wa Zambia, kwenye meza za vitu vya mtumba. Muuzaji mmoja alikuwa na kibodi nzito kama tofali, ya vijana wanaocheza magemu. "Bamayo, hii chini ya kila kitufe ina swichi yake," akaniambia kwa Kiswahili cha mpakani, akachomoa moja kwa koleo dogo na kuirudisha kama anang'oa na kupandikiza jino. Akanipa na mfuko wa swichi za ziada, za rangi tatu zilizochanganyika. Natotela, nikamshukuru kwa Kibemba chake, nikarudi nazo kwetu nimezikumbatia.

Mama yangu yuko hapa kwangu tangu niumie. Alitoka Nanyala na begi moja la nguo na mfuko wa buni za shambani, ananifulia, ananipikia, ananitania. Aliponiona nimekaa mkekani na swichi zimetapakaa, akauliza kama huko kazini wamenihamishia kwenye kutengeneza redio.

Sina mizani ndogo ya kupima kila swichi inataka uzito gani. Nikachukua kikombe cha plastiki kinachoonyesha ndani, nikavua kofia za vitufe vya jirani ili kisiguse, nikakisimamisha juu ya kitufe kimoja na kuanza kumimina buni kidogo kidogo. Kitufe kikizama, napiga mstari wa kalamu pale buni zilipofika. Nyekundu ilizama mapema, kikombe hakijafika hata nusu. Kahawia ilitaka buni zaidi. Bluu ilinikazia, nikamimina, nikamimina, ikazama kwa kelele.

"Kahawa yangu unaipimia kwenye herufi," Mama alisema. "Haya, leo nimeona."

Lakini uzito si kitu pekee, nilijifunza hilo kwa kubonyeza. Nyekundu inateleza moja kwa moja hadi chini, laini, haikwambii chochote njiani. Kahawia ina kinundu katikati. Kidole kinakipanda, kinakivuka, na hapo unajua herufi imeingia, huna haja ya kufika chini. Bluu ina kinundu na sauti juu yake, tak, na haikubali kidole cha uvivu. Nilipojaza bluu kibodi nzima, Mama alitoka jikoni kuuliza nani anakaanga bisi.

Nikaamua nyekundu. Nani asingeamua hivyo? Vidole vigonjwa, vitufe vyepesi, kwisha habari. Nikapanga nyekundu zote usiku wa Ijumaa, nikalala nimetabasamu.

Jumamosi nikakasirika vibaya mno. Vidole vyangu vizima vimezoea kibodi ya ofisini, vimezoea kupumzika kwa uzito wao wote juu ya vitufe. Kwenye nyekundu, kupumzika ni kuandika. Nikiwaza tu, kioo kinajaa: ffffff, ddddd. Na kile kidole chenye ganzi, kwa kuwa hakisikii kama kimebonyeza, kinabonyeza tena. Nilichapa kilo elfu tatu zikatoka elfu thelathini. Sifuri moja ya ziada! Ukituma karatasi kama hiyo forodhani, lori linalala, dereva analala, mzigo unalala, na anayeamshwa kwa matusi ni wewe. Bosi huwa anasema hachukii kitu duniani kama sifuri isiyo na mwenyewe.

Niliisukuma ile kibodi mpaka ukutani. Nikamwambia Mama basi, mimi ni wa yadi, aninunulie buti.

Mama alikuwa anachagua buni kwenye ungo, anatoa mbovu. Hakuinua kichwa. "Kwani wote umewapa kikapu kimoja?"

Sikuelewa. Akanikumbusha msimu wa kuchuma kahawa nyumbani. Kwetu mtu haendi shambani na kikapu cha mwenzake. Baba alikuwa na kile kikubwa, sisi watoto vyetu, na bibi, ambaye mkono wake mmoja ulikuwa haunyanyuki, alisukiwa kidogo cha kufunga kiunoni. Hakuna aliyesema bibi asichume, na hakuna aliyetaka sisi wote tubebe vya bibi. Jioni kahawa yote ilimwagwa mahali pamoja. "Sasa wewe," Mama akasema, "kwanza uliwapa wote cha baba, sasa unawapa wote cha bibi. Unacholilia ni nini?"

Loh. Nilimwangalia, nikaangalia kibodi, nikaenda kuiokota ukutani.

Tulikaa wawili mkekani mchana kutwa, mimi na koleo, yeye ananipa rangi ninayotaka. Vidole vizima nikavipa kahawia, vipate kinundu cha kuegemea, vikipumzika visiandike. Kidole cha pete na kidogo nikavipa nyekundu: O, L, P, nukta, tisa. Nikachapa "lori" mara nyingi hadi Mama akaniomba niandike na baiskeli.

Ikabaki sifuri. Nyekundu inazizidisha, nimeshaona. Kahawia ina kinundu, lakini kinundu kwa kidole chenye ganzi ni sawa na kumkonyeza kipofu. Ndipo nikaichukua bluu, ile nzito kuliko zote, nikaichomeka kwenye sifuri peke yake. Inauma, sidanganyi. Kidole kidogo kinatetemeka kikiibonyeza. Ila inapoingia inasema tak, na masikio yangu geti halikuyagusa. Tak moja, sifuri moja. Jumapili baada ya ibada nilichapa mizigo ya kubuni hadi giza likaingia, na sikukosea sifuri hata moja.

Leo sasa.

Nimefika na kibodi nimeifunga kwenye khanga. Bosi kaniwekea kompyuta kwenye meza yake, kiti cha wageni, kibodi ya ofisini tayari imechomekwa. Nimeichomoa. Akanizuia. "Hapana, hapana. Rehema anatumia hii, na wewe tumia hii. Haki ni haki."

Kwa kibodi ile nisingemaliza hata ukurasa. Makarani wawili watatu, Rehema, na dereva mmoja aliyekuwa anasubiri stakabadhi, wote wananitazama. Nikasema, "Bosi, samahani, naomba kukuuliza. Zamani ulipokuwa dereva wa lori, ukipokea gari la mwenzako ulikuwa unaondoka nalo hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo vipi?"

"Bila kusogeza kiti."

Yule dereva kacheka kwa sauti. Bosi kamtazama, kanitazama, midomo ikamcheza. "Wallahi mwanamke huyu," akasema. "Haya, sogeza kiti chako. Tuone kama gari linaondoka."

Nimechapa. Polepole kuliko Rehema, niseme ukweli, na jasho limenitoka utadhani nabeba magunia. Mtumaji, mpokeaji, namba za lori. L na O zikaja zenyewe, nyepesi, sikuzitafuta. Bosi akarudi kwenye simu yake, nikajua kanisahau. Nikafika kwenye mzigo: mbolea, kwenda Kongo, uzito kilo 30,000. Nikavuta pumzi.

Tak. Tak. Tak. Tak.

"Simama hapo," Bosi kasema. Simu bado iko sikioni. "Usiangalie kioo. Umeweka sifuri ngapi?"

"Nne."

Kakata simu bila kuaga. Kavaa miwani, kainama mpaka nikasikia harufu ya marashi yake, kahesabu kwa kidole kwenye kioo, moja moja. Mimi nimeuweka mkono mapajani.

"Hata mimi nimezisikia nne," akasema. Kisha, bila kunitazama, "Rehema, mpishe dada yako."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Nikamtazama Rehema nikaona haya, maana hakunikosea lolote. Kakusanya kalamu zake, kachukua na kikombe chake cha chai, kapita mbele yangu. Kisha akageuka.

"Dada, kiti nilikipandisha kidogo. Kishushe."

Nimekishusha. Nimekaa, nimeingiza magoti yangu chini ya meza ileile niliyoizoea, nimemaliza faili, na lori limevuka kabla ya adhuhuri.

Mama amelala sasa kwenye kochi na ungo wake ubavuni. Swichi zilizobaki ziko kwenye kikombe chenye mistari ya kalamu, pamoja na buni chache alizosahau kuzitoa. Kesho nitakwenda na koleo mapokezi, nimwulize Rehema yeye kidole gani kinamchoka.