Tarehe Mbili za Mlango wa Kontena

Jumatatu, 2 Desemba 2013

Nimemkosea Opio. Naandika hii kwanza, kabla nivae viatu. Gari ya kampuni inapita hapa Hai Cinema, Juba, saa kumi na mbili na nusu. Bado niko na dakika kumi.

Orodha ya marubani ilibandikwa Ijumaa. Ndege ziko nne, kila moja makapteni wawili wa kupokezana. Viti vinane. Mimi ni nambari nane. Opio ni nambari tisa. Kwa hivyo mimi ni kapteni, na yeye kuanzia leo anakaa kiti cha kulia, rubani msaidizi.

Orodha ni ya uongo. Ni mimi nilidanganya. Gari inapiga honi.

Jumatano, 4 Desemba

Wacha niandike vile ilikuwa.

Kampuni yetu ya zamani ilikuwa ndogo, ofisi kontena pale uwanja wa ndege. Barua za kazi hakukuwa. Rubani akiruhusiwa kuruka kama kapteni mara ya kwanza, akirudi salama anapewa brashi, anaandika jina na tarehe ndani ya mlango wa kontena. Watu wanapiga makofi, soda inaletwa. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yetu. Opio aliandika yake mwaka wa uhuru, 2011, wiki moja kabla bendera yetu ipande. Mimi niliandika Septemba mwaka huo huo. Yeye ndiye alinishikia mkebe wa rangi.

Mwaka huu kampuni mbili zikaungana. Wenzetu walikuja na faili, kila mtu na barua yake. Sisi tukaja na mlango. Walicheka, lakini kamati ikakubali: ukubwa kazini uhesabiwe kwa tarehe, mtu mmoja wa kwetu anakili majina. Wakanichagua mimi kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Opio alikuwa ameenda Gulu kuzika mama yake. Nikabadilisha tarehe mbili tu. Yake nikajipa mimi, yangu nikampa yeye. Wale wengine wa zamani wako juu kwa orodha, hawaangalii chini. Kesho yake mafundi wakapaka mlango rangi ya kampuni mpya. Mimi ndio niliwaonyesha pa kuanzia.

Kabla wapake, nilipiga huo mlango picha na simu. Sijui kwa nini. Mwizi haweki ushahidi. Mimi nimeweka.

Ijumaa, 6 Desemba

Opio amenipata kwa mama chai, pale nje ya uwanja. Akaketi. Akaagiza chai mbili bila kuniuliza, kama zamani.

"Taban, hiyo mlango ilisema nini?"

Nikamwambia ilisema vile nilinakili.

Akakoroga chai muda mrefu. "Sawa. Kama ni wewe ulisoma, basi ni kichwa yangu ndio inasahau. Mimi iko mzee sasa."

Akacheka. Mimi pia nikacheka. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 10 Desemba

Safari yetu ya kwanza pamoja tangu orodha, mimi kushoto, Opio kulia. Vijana wa mizigo walimngojea na maneno. Ati mzee, leo umewekwa kwa kiti ya bibi? Akawajibu kwamba bibi ndiye huona njia vizuri kuliko dereva. Wakaanguka kicheko.

Huko juu hakufanya mzaha. Alisoma kila kitu kwa utaratibu. Kapteni, mafuta sawa. Kapteni, mwendo sawa. Miaka miwili alikuwa ananiita "kijana", na mimi niko na miaka arobaini na saba. Nilikuwa nachukia hilo jina. Leo nilingoja alitaje. Wapi.

Kwa nini nilifanya? Niseme ukweli, hakuna mtu anasoma. Nilijiambia hii nchi ni yangu, yeye ni wa Uganda, ako na kwao. Nilikaa Eldoret miaka ishirini nikiitwa mkimbizi. Nilirudi nikifikiri sasa ni zamu yangu kumwita mtu mgeni. Ni hiyo tu. Ni hiyo na woga.

Jumatatu, 16 Desemba

Bunduki tangu jana usiku, wanajeshi wanapigana wao kwa wao. Mpaka sasa, mchana, bado. Tumelala sakafuni, mimi na mke wangu, godoro tumeegemeza kwa dirisha. Uwanja umefungwa. Simu inashika na kukata.

Opio ako Gumbo, ng'ambo ya daraja. Nimempigia mara nne. Haingii.

Nimefikiria kitu. Kwamba kama Opio amekufa, hakuna mtu atajua kamwe. Kwa muda mfupi nilisikia nafuu.

Ni mimi nimefikiria hivyo. Naiandika ibaki.

Alhamisi, 19 Desemba

Opio ni mzima. Nilimwona asubuhi uwanjani, shati limepigwa pasi. Nikataka kumshika mkono, nikashindwa.

Waganda wanaondoka. Mabasi yanajaa, yanashika barabara ya Nimule, kwenda mpakani. Mke wa Opio, Akello, amefunga duka, ameenda na wenzake. Opio amebaki peke yake. Nikamuuliza kwa nini hakupanda basi. Akasema kampuni imetangaza, mtu akiondoka bila ruhusa jina lake linashuka mpaka mwisho.

"Kutoka tisa nikishuka tena, nitaruka nini? Meza?"

Kwa hivyo analala Gumbo peke yake, risasi zikilia, kwa sababu ya nambari tisa. Tisa ni yangu.

Jumapili, 22 Desemba

Tumerudi sasa hivi. Niandike haraka.

Tulitumwa kaskazini kuchukua watu, uwanja wa murram, udongo tu bila lami. Nilitua. Kabla tusimame, umati ukatoka kwenye majani ukikimbilia ndege. Mamia. Mlango wa abiria uko kushoto, nyuma ya propela. Opio mwenyewe ndiye alinifundisha: ukiona watu wanakimbia, zima injini ya kushoto kabla magurudumu yasimame. Naijua kama jina langu. Nilikauka. Nilikuwa naangalia mama mmoja na godoro kichwani, haoni mbele.

Mkono wa Opio ulikuwa tayari karibu na kizimio cha injini. Hakugusa. Akanigeukia.

"Kapteni, unaruhusu?"

Nikasema zima. Akazima. Mama alipita karibu na propela, ikiwa inamalizia kuzunguka. Hatua mbili.

Opio akashuka, akawaambia kwa Kiarabu cha Juba wakae chini, malesh, malesh, yaani poleni, kila mtu atapata zamu, na wakakaa. Mistari, kama shuleni. Tulibeba wengi kuliko viti. Hakuna aliyeumia.

Wakati wa kurudi nilimuuliza mbona hakuzima tu. Alijibu akiangalia mbele. "Kiti ya kulia haigusi bila ruhusa. Ndio sheria. Mimi sitaki wakuambie hukuheshimiwa."

Alinilindia heshima. Yule mama karibu akatwe ili mimi niheshimiwe.

Jumatatu, 30 Desemba

Barua imetoka. Ndege zote zinahamia Entebbe katikati ya Januari. Makapteni wanane wanaenda nazo, pamoja na wasaidizi vijana, kwa sababu mishahara yao ni midogo. Wengine wote, kalas, basi, asante kwa kazi. Mwenye lalamiko alete ushahidi kwa kamati, mwisho Ijumaa tarehe kumi, saa sita mchana.

Opio alisoma amesimama. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Ndege zinaenda nchini kwake, na yeye ndiye anaachwa. Aliniambia tu kwamba tairi ya kushoto imeanza kuisha, niwaambie wabadilishe kabla ya safari ndefu.

Sikula leo. Mke wangu ameniuliza kuna nini. Nikamwambia yote. Alifunika sufuria ya chakula. Halafu akasema hatapanda ndege kwenda Entebbe kukaa kwa kiti cha mtu.

Jumapili, 5 Januari 2014

Kanisani watu ni wachache. Tulipofika kwa sala ya toba, "nimekosa mimi", nikapiga kifua kama wengine, mkono ukagonga simu mfukoni. Picha iko ndani. Nimekuwa nikitembea nayo hapo muda huu wote.

Mchana nimeketi nje. Kimya. Jirani anafua nguo. Nimeifungua picha nikaiangalia vizuri. Majina yote yanasomeka. La Opio limepinda kidogo upande, na rangi imechuruzika chini ya tarehe. La kwangu liko chini yake.

Barua nimemaliza. Fupi. Nimesema nilibadilisha tarehe mbili, kwa mkono wangu, nikijua. Nimeomba Opio awe nambari nane na mimi tisa. Kiti kingine sijaomba.

Alhamisi Opio hana safari. Nitavuka daraja asubuhi, nimpe simu aione mwenyewe kabla ya mtu mwingine. Akinifukuza, nitaondoka. Na Ijumaa tarehe kumi, kabla ya saa sita mchana, nitaweka picha na barua mezani kwa kamati, na niisome kwa sauti mbele yao.