Mfupa Ndani ya Moyo wa Bibi wa Chamwino

Dodoma, Jumanne, mwezi wa nane. Upepo umevuma tangu asubuhi, meno yangu yamejaa mchanga, na wala sijali.

Leo nimeona mfupa ndani ya moyo wa mtu!

Ngoja nitulie nieleze. Wiki iliyopita bibi mmoja wa Chamwino alifariki muda mfupi baada ya kuchomwa sindano ya malaria kwa Ndahani, tabibu niliyesoma naye. Zahanati ni yake mwenyewe, aliifungua mara tu serikali iliporuhusu watu binafsi. Ndugu wakasema sindano ndiyo imemuua. Wakakubali sisi wa maabara ya hospitali tumpasue kabla ya kuzika, ili kesho, siku ya kumaliza matanga, ukoo utangaziwe kilichomuua. Tangu hapo Ndahani hapati mgonjwa, na msibani hajathubutu kukanyaga.

Vali moja ya moyo, kile kijilango cha kupitishia damu, ilikuwa imekakamaa. Chokaa tu, nikasema. Kwa wazee ni kawaida. Nikaigandisha kwenye nta, nikaikata mwenyewe. Kisu kikalia krrr, kikapata pengo. Nikamfokea Zaituni, mwenzangu wa maabara, eti kaacha dirisha wazi, mchanga umeingia kwenye nta. Mungu anisamehe! Ameninunia tangu hapo, na ni haki yake.

Tukailoweka kwenye asidi ilainike, kama tunavyofanya mifupa. Leo nimekata tena, nikaiweka kwenye hadubini.

Jamani! Si chokaa tupu. Ni mfupa kabisa, na ndani yake uboho, kama wa kongoro. Mambo haya nilikuwa nayasoma vitabuni tu. Zaituni alipochungulia akasahau kununa, tukaruka kama watoto walioona mvua.

Halafu nikaona haya. Huu ni moyo wa bibi wa watu.

Lakini sindano haijengi mfupa. Lango hilo limekuwa likibana miaka na miaka, hadi damu ikakosa pa kupita.

Jioni Ndahani alikuja, akachungulia. Kabla ya malaria hiyo aliwahi kuusikia moyo huo ukivuma kwenye kipimo, akamsihi bibi aje mjini kuchunguzwa. Bibi akasema atakuja baada ya mavuno.

"Mwenzangu," akaniambia, machozi yakimlengalenga, "hata mimi niliamini nimemuua."

Kesho tunakwenda matangani pamoja. Kueleza nitaeleza mimi. Ila kuingia, amesema atatangulia yeye.