Jeli Iliyoandikwa Acidulé

Buyenzi, Jumanne

Dada yangu mpenzi Wafa,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Uvira, wewe na shemeji, na mama mkwe wako awe amepata nafuu ya magoti. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu na kulalamika kwamba hupigi simu. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo haijatulia. Barua nimempa Joëlla, anayevuka mpaka wa Gatumba kesho na vitenge vyake, kwa sababu simu yako unaiweka sauti kubwa mpaka nyumba nzima inasikia.

Unajua kazi yangu pale kliniki ya meno Kigobe: kuwapaka wagonjwa jeli ya floridi wakishasafishwa, ili ganda la jino likaze lisitoboke. Kabla ya Ramadhani jeli tuliyoizoea iliisha, likaja kopo jipya limeandikwa acidulé. Nikacheka peke yangu. Nilikumbuka zile peremende, bonbon acidulé, tulizonyonya tukitoka shule mpaka ulimi unawasha, nikaona ni ladha tu, wametia uchachu ili watoto waipende. Sikumuuliza mtu. Nikapaka kila aliyekaa kwenye kiti.

Baada ya Idi watu wakaanza kurudi. Meno yao wenyewe yalikuwa mazuri, lakini yaliyozibwa kwa dawa nyeupe yalikuwa yamekwaruzika, ukipitisha ulimi ni kama mchanga, na chai inayaachia rangi. Dokta Consolate alimwita Sylvère, anayekoroga dawa ya kuziba, akamwambia anazidisha maji. Sylvère akajibu kwamba apana, yeye anapima kama siku zote, mutu aje amutazame. Hakuna aliyekwenda kumtazama.

Siku kumi na moja zilizopita nikakuta karatasi imekunjwa chini ya katoni ya jeli. Nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa. Jeli ile ina asidi kweli. Kwa jino zima ni nzuri, floridi inashika upesi, lakini ikigusa dawa ya kuziba inaila juu kidogo kidogo. Wenye meno ya kuzibwa walitakiwa wapakwe nyingine, isiyo na asidi. Nikaitia karatasi kwenye pochi na kunyamaza. Naogopa, dada. Sylvère akinipitia kuniuliza habari za nyumbani, najifanya napanga makopo, na ndiye aliyenifundisha kushika kioo cha mdomoni.

Alhamisi iliyopita Dokta alimwambia Sylvère kazi yake imekwisha, arudishe koti la kliniki Ijumaa hii. Usiku huo sikulala.

Leo asubuhi nimempa Dokta karatasi. Aliisoma mara mbili. Hakunigombeza, na hilo limenitisha zaidi. Aliniuliza tu imekuwaje mgonjwa wa Uvira akampigia simu wiki iliyopita kumwambia kwamba Sylvère anakoroga dawa vibaya, maana mgonjwa anajuaje mambo ya kukoroga? Amesema atakupigia Alhamisi kabla hajaamua lolote.

Wafa, jino lako la mbele lililozibwa, hilo unalolifunika kwa kiganja ukicheka mbele ya wakwe, nililiharibu mimi. Nilikupaka jeli ile ulipokuja kliniki siku ya pili ya Idi, tena mara mbili, nikijiona nimekupa zawadi. Hilo lilikuwa kosa la kutojua. Lakini Jumatano iliyopita uliponiuliza kwa nini limekwaruzika, nami nikakujibu kwamba Sylvère ana mkono mbaya wa kukoroga dawa, karatasi ilikuwa tayari kwenye pochi yangu. Nilijua, nikakuacha umpigie Dokta.

Akikuuliza nani alikwambia, najua utataka kunificha, kama ulivyokuwa unanificha kwa Mama. Usinifiche. Taja jina langu, maana mimi leo sikulitaja mbele ya Dokta.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na magoti ya mama mkwe uyakande kwa maji ya moto. Ukiweza, nisamehe jino kwanza. Kwa ule uongo, nitasubiri.

Mdogo wako,
Azhar