Soketi Moja, Chaja Mbili

Juni 3

Asali wangu, mume wangu,

Hujambo huko? Mgongo umepona, au bado unabeba mbao peke yako kama huna wenzio? Sisi wazima. Mama yako ana kikohozi, ila nadhani ni cha makusudi, maana hukohoa kila nikicheka na wewe kwenye simu.

Drili uliyonitumia ya kufungia mlango wa chumba chetu imefika! Dada yako kaileta mwenyewe. Nimeilaza kitandani upande wako, usinicheke. Betri ilikuja na chaji, nikasema nijaribu kwanza kwenye kipande cha ubao. Tundu la kwanza tamu, la pili tamu zaidi. Mwishowe nimeandika NAKUPENDA kwa matundu, na herufi ya mwisho ilipokamilika drili ikaguna, ikazima. Mlango wetu sijaugusa! Mama kauona ubao, akauliza, “Mwanangu, ndio mlango wenyewe huo? Mbona kama chujio?”

Lakini nimeapa, ukija likizo mwisho wa mwezi hulikuti lile pazia mlangoni. Tumenong’ona vya kutosha tangu harusi.

Plagi ya chaja ina miguu miwili bapa, soketi yetu iliikataa, ila nimenunua adapta na imeingia sawasawa. Umeme umekatika tangu asubuhi. Umeme ukirudi tu, naichomeka. Simu nayo inakata roho.

Wako mpaka tuote mvi,
Mkeo

Juni 3, jioni

Mke wangu,

Salamu baadaye. USICHOMEKE! Soma mgongoni mwa chaja: volti 120. Ndio umeme wa huku. Wa kwetu ni 240, mara mbili yake. Adapta inabadilisha miguu tu, umeme unapita vilevile. Chaja itaungua, na inaweza kukuunguza na wewe. Mimi fundi mzima nimesahauje! Umesoma? Nijibu.

Mumeo

Juni 4

Kipenzi,

Umeamkaje? Mbona kimya? Simu yako haiiti, ya mama haiiti. Leo nimekata ubao mfupi, nikachukua mwingine nikaukata mfupi vilevile. Msimamizi ananiuliza akili nimeiacha wapi. Achana na mlango. Niambie tu mko salama.

Mumeo

Juni 5

Nuru yangu,

Uhali gani? Pumua kwanza. Tuko salama wote.

Umeme umerudi leo asubuhi. Chumba chetu unakijua, soketi ni moja. Mkono huu nimeshika chaja ya drili, huu ya simu. Nikasema mlango utangoja, mimi sijamsikia mwanaume wangu tangu juzi. Nikachomeka simu. Ilipowaka tu, ujumbe wako ukaingia na yale maherufi makubwa, na chaja ya drili bado ninayo mkononi! Nimekaa sakafuni nikacheka mpaka machozi. Mama kakohoa.

Sasa nifanyeje? Usiniambie nikungoje. Mlango nautaka kabla yako.

Mkeo mbishi

Juni 5, usiku

Mbishi wangu,

Nashukuru. Nimerudiwa na hamu ya kula. Betri haina neno, chaja ndiyo yenye shida. Tafuta fundi mwenye drili ya kampuni hiyohiyo aliyoinunua huko kwetu, akuchajie kwa chaja yake. Hakikisha betri inaingia bila kulazimishwa.

Mumeo

Juni 19

Mume wangu wa pekee,

Habari za kazi? Huku habari ni moja tu: tuna mlango!

Fundi wa madirisha pale kona ana drili kama yetu. Chaja yake imeandikwa 240, nimeisoma na kuirudia kabla sijamwachia betri. Akasema, “Shemeji, unakagua kama askari wa mpakani!” Nikamwambia nina mume anayetaka kunikuta mzima.

Bawaba ya juu niliikosea, mlango ukawa unakwaruza sakafu. Nimefungua, nikapiga randa chini, nikafunga upya. Mikono ina malengelenge, utayabusu mwenyewe. Kitasa kinalia ka! vizuri kabisa.

Mama kaja, kafungua, kafunga, kafungua tena. Kisha akauliza, “Na mwanangu akifika nawe umejifungia, ataingiaje?”

Nikamjibu, “Atapiga hodi, mama.”

Basi njoo upige.

Mkeo, aliye ndani