Vikombe Vimelia Tena Shela

Dada yangu Mwanaisha, nakushika miguu toka huku Malindi mpaka huko kwenu Unguja. Mikono yangu ni mirefu, basi jihisi umeshikwa. U hali gani, na kifua chako je? Kikohozi kimekwisha, au bado kinakuamsha kabla ya muadhini?

Mimi usiniulize. Mimi ni mtu wa bahati, Dada. Siku ya kugawiwa bahati mimi hukaa safu ya mbele, tena na kikapu. Kile kiharusi kilichonilaza upande mzima wa kulia kimekwenda zake na aibu yake. Juzi baada ya alasiri vikombe vya kahawa vimelia tena mitaa yote ya Shela hii ya Malindi, watu wakatoka mabarazani, "Faki huyo! Faki karudi!" Mzee Sharifu, mteja wangu wa baraza ya kwanza, kapewa kahawa, kanywa, kaomba cha pili. Basi mwambie ndugu yetu Salim akunje mkeka wake. Ile habari ya kumtuma aje kunichukua, anirudishe nyumbani kama mzigo uliokosa mnunuzi, haina kazi tena. Na ukiona hati yangu imelala upande kama mlevi, usijali, kalamu za huku ni mbovu.

Sasa nikupe habari tangu mwanzo. Kilinipiga nikikaanga buni. Nilitaka kumwita mke wangu Zena, ulimi ukalala kinywani kama papa mkavu, na nusu ya uso ikateremka. Zena akanitazama, akasema, "Faki, acha mzaha." Unaona adhabu ya mtu wa mzaha? Nimekufa nusu, na mke wangu anangoja nicheke.

Akaletwa Hawe Kadzo, bibi wa Kigiriama anayetoka Matsangoni, kazi yake kukanda viungo vilivyopooza. Mikono yake, Dada, hata jiwe lingelainika. Kila asubuhi mafuta ya mbarika, kisha chumvi ya moto iliyofungwa kitambaani, kisha matusi. Mguu ulitii mapema. Nilisimama mlangoni nimeng'ang'ania mwimo, na Zena ananipigia makofi, "Dede! Dede! Simama dede!" kama mtoto anayeota meno. Nikacheka mpaka nikaanguka. Sasa natembea. Mguu nauvuta kidogo, nawaambia watu ni maringo.

Mkono ndio uliosusa. Hawe alinipa sahani mbili, moja ya kunde na moja tupu, akaniambia nizihamishe moja moja. Zilinikimbia kama wanawali waliomwona mposaji mwenye ndevu nyeupe. Na muuza kahawa bila mkono wa kulia ni nini? Dele la kahawa hubebwa kwa kushoto, hilo naliweza hata usingizini. Lakini wa kulia ndio unaogonga vikombe watu wajue unapita, tena ndio unaompa mtu kinywaji. Nani atapokea kikombe cha mkono wa kushoto? Afadhali umwagie miguuni.

Hapo ndipo alipoingia Masudi. Ni jirani yetu, alikuwa mchukuzi wa maji, mtu mzima asiye na mzaha hata mmoja kichwani. Nilipoanguka alikuja kuniomba vyombo vyangu. "Njia isipoe, Bwana Faki, wateja wako wasihame." Nikamwitikia kwa kichwa, maana ulimi ulikuwa bado. Tangu hapo kila alasiri nimelala ndani, nasikia vikombe vyangu vikilia nje katika vidole vya mtu mwingine. Dada, wanaume wenzangu huona wivu kwa wake zao. Mimi nimeona wivu kwa vikombe. Mwanzo aligonga kama mbuzi anayepita juu ya bati, nikafurahi, Mungu anisamehe. Kisha akajifunza. Kisha akawa hodari, na hilo ndilo lililonichoma.

Na Zena naye! Mwanamke aliyekuwa akisema kahawa yangu inamwendesha moyo mbio, nimemsikia kwa masikio yangu pale dirishani:

"Masudi, leo tangawizi umezidisha."

"Nimekosa, bibi?"

"Hujakosa. Tia kingine."

Tia kingine! Nikazirusha kunde ukutani kwa huu mkono mzima.

"Ziokote," akasema Hawe Kadzo. "Kwa ule mbovu. Wewe kutwa kucha unamwangalia Masudi, mkono wako unaangaliwa na nani?"

Nikaziokota. Mpaka leo kunde zinatoka uvunguni.

Nitasema neno moja la haki, kisha sitalirudia: Masudi hapiti mtaa bila kunadi, "Kahawa ya Faki! Kahawa ya Faki hii!" Angekuwa mwizi ningelala usingizi mnono. Lakini mtu mwema ukimwonea wivu, huna pa kuutua.

Nisalimie mjomba fundi wa milango, umwambie mlango wangu huku unalia kuliko mimi. Nisalimie shangazi anayepika mikate ya kumimina. Ya huku ni migumu, hata panya huiloweka kwanza. Salim mpe mkono. Zena anakuamkia, anasema kikohozi ukinywee asali na tangawizi. Tangawizi amekuwa bingwa nayo.

Mimi nduguyo mtiifu, Faki, muuza kahawa.

Dada, jina nimekwisha kulitia na barua haikunjiki. Nimekuongopea. Mkono haujarudi. Kunde unaziokota, kikombe unakiangusha. Juzi nilimtolea Sharifu kikombe kwa huu wa kushoto. Mzee akakitazama kikombe, akanitazama mimi, asijue afanye nini. Masudi akakichukua mkononi mwangu kimya kimya, akampa kwa kulia. Hapo ndipo Sharifu aliponywa, akaomba cha pili. Basi ndiyo kazi yetu sasa: mimi nabeba dele nyuma, yeye yuko mbele, na wivu wangu uko palepale. Kalamu za huku ni nzuri; hii hati ni ya mkono wa kushoto. Salim aje au asije, amua wewe. Vile vikombe vilivyolia Shela, aliyevigonga ni Masudi.